Kiti cha Mzee: kisa cha onyesho tuliloliita la mwisho

Jioni ya mazoezi ya kwanza tulimkalisha Mzee kwenye kiti cha uvivu, kile cha mbao na turubai, kwa sababu mchezo unasema baba mwenye shamba amejinyoosha barazani. Alikaa vizuri. Akasema maneno yake ya mwanzo, watu wakacheka pale pa kucheka. Ilipofika zamu ya kusimama amkemee mwanawe mkubwa, hakusimama. Alishika mbao za pembeni, akajivuta mara moja, akajivuta tena, halafu akatulia na kuanza kuhema mdomo wazi kama mtu aliyekimbia na mzigo kichwani. Kijana aliyeigiza mwana mkubwa alidhani ni sehemu ya mchezo, akaendelea kulijibu kemeo ambalo halijatolewa.

Ndipo tulipojua. Yeye mwenyewe alikuwa anajua tangu mwezi wa sita.

Mimi ni mwandishi na mwongozaji wa kikundi kidogo cha maigizo hapa Mtwara mjini, watu 14 tukimhesabu na mpiga ngoma ambaye huja akitaka. Wenzetu wa Masasi na wa Lindi wameniuliza mara kadhaa tulifanyaje na Mzee, na kila ninapowajibu kwa mdomo najikuta nimeiruka ile sehemu niliyokosea. Kwenye maandishi kuruka si rahisi hivyo. Jina lake silitaji, familia haipendi, na waliomwona hawahitaji kutajiwa.

Alikuwa mtoto wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Ujanani alicheza mapiko, ngoma ya vinyago, kijijini, akashuka pwani, akaenda Dar es Salaam, akaingia kwenye michezo ya redio, kisha jukwaani, kisha kwenye tamthilia za televisheni na zile filamu zilizouzwa kwa DVD miaka ya 2000. Kizazi cha vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, kilimjua kwa sura: baba mkali, mganga, mwenyekiti wa kijiji mla rushwa. Alirudi nyumbani na mkoba mmoja na sauti ileile. Alipokubali kuigiza nasi hatukuamini bahati yetu, na nadhani tatizo lilianzia hapo, maana mtu ukimwona ni bahati humuulizi kama amelala vizuri.

Mwili

Aliyekuwa akimuuguza ni mpwa wake, binti wa dada yake. Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwao Chikongola na maneno yangu ya pole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, Mjomba hajalala kitandani kama watu toka Agosti. Analala amekaa."

Akanionyesha mito mitatu iliyopangwa ukutani. Moyo umepanuka, ndivyo daktari alivyowaeleza. Hausukumi damu kama zamani, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Jioni miguu inavimba mpaka soksi inaacha alama kama ya kamba, na akilala chali kifua kinaelemewa, anashtuka usiku akitafuta hewa. Kuna vidonge vya kukojoza maji, anameza alfajiri. Chumvi apunguze. Hilo la chumvi ndilo lililokuwa vita vya kila siku, kwa sababu Mzee alipenda ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kuliko nyama, na tulikuja kugundua baadaye kwamba alikuwa akificha kipande kwenye mfuko wa koti la maleba, mavazi yetu ya jukwaani. Harufu ndiyo iliyomsaliti.

Je, daktari alimkataza kuigiza? Hapana. Alisema kazi nyepesi anaweza, asijichoshe, kifua kikibana aache hapohapo. Neno "jukwaa" halikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na mimi nilijificha nyuma ya karatasi hiyo kwa siku mbili nzima nikijiambia kwamba kutokatazwa ni kuruhusiwa.

Siku ya tatu tulikaa kikao. Wanawe wa kuzaa, ambao wako Dar, walikuwa wamepiga simu wakitaka baba apumzike. Vijana wa kikundi walitaka apewe sehemu ndogo, aje mara moja tu, aseme maneno mawili, watu wamwone, aondoke. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mtoto wa dada si mtu wa kumpitia kando, kwa hiyo nikamwomba mpwa aseme. Hakutoa hukumu. Aliuliza swali tu: "Akibaki nyumbani atakuwa anafanya nini?"

Mzee, ambaye tulikuwa tukimjadili kama gunia lililoachwa stendi, akajibu mwenyewe. "Nitahesabu vidonge."

Ile hoja ya sehemu ndogo ilifia hapo. Naeleza kwa nini, maana ndiyo njia ambayo vikundi vingi huikimbilia na inaonekana ya huruma. Mwigizaji mkubwa anayepewa maneno mawili anakuwa pambo. Anavaa, anapakwa poda, anasubiri saa nzima nyuma ya pazia kwenye joto la Novemba, anachoka palepale ambapo angechoka akicheza mchezo mzima, na alichokitoa ni uso wake tu. Uchovu uleule, bila kazi.

Tukabaki na njia ya kumwacha baba wa mchezo awe yeye, kisha tubadilishe kila kitu kingine.

Kisa cha mtu mwingine

Hapo nilikuwa na mfano mmoja nilioukusanya miaka mingi nyuma bila kujua nitauhitaji. Spencer Tracy, Mmarekani aliyezaliwa Milwaukee mwaka 1900, alianzia jukwaani New York kabla sinema hazijamchukua mwaka 1930. Alishinda tuzo ya Oscar mara mbili mfululizo, kwa filamu za 1937 na 1938. Mwaka 1963 ugonjwa ulimwangusha, akakaa karibu miaka minne bila kuigiza. Kisha mwongozaji Stanley Kramer akamwita acheze baba wa Kizungu, mtu aliyehubiri usawa maisha yake yote, ambaye binti yake anamleta nyumbani mchumba mweusi. Filamu ni Guess Who's Coming to Dinner. Mama ni Katharine Hepburn, mchumba ni Sidney Poitier, na binti ni Katharine Houghton, ambaye kwa damu ni mtoto wa dada yake Hepburn.

Wengi wanaosimulia habari hii hukaa kwenye ushujaa wa mgonjwa na machozi ya Hepburn. Mimi nilikwenda kutazama pesa na saa. Kampuni za bima zilikataa kumkatia Tracy bima, kwa hiyo akifariki katikati ya upigaji picha, fedha zote zimezama. Kramer na Hepburn wakayaweka malipo yao wenyewe rehani ili kazi iendelee. Tracy alifanya kazi saa chache kwa siku, kisha anarudi nyumbani, na ratiba ya watu wote ikapangwa kumzunguka yeye. Ile hotuba ndefu ya mwisho, ambayo mtazamaji anaiona kama mtu amesimama akaongea tu, ilipigwa kwa vipande, kwa siku kadhaa. Alimaliza tarehe 24 Mei 1967. Tarehe 10 Juni alifariki, siku 17 tu baadaye. Siku mbili baada ya kifo chake Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta sheria za majimbo zilizokataza mzungu na mtu mweusi kuoana, na filamu yenyewe ilikuwa bado haijafika kwa watazamaji. Ilitoka Desemba.

Poitier naye alisimulia baadaye kwamba mbele ya wakongwe wale wawili alikuwa akiingiwa na woga mpaka maneno yanamtoka kichwani, ikabidi waondoke, akacheza sehemu yake akiviangalia viti viwili vitupu. Habari hiyo niliwasomea wenzangu kwa ajili ya kijana wetu aliyecheza mwana mkubwa, ambaye kila akimtazama Mzee alikuwa anasahau hata jina la shamba.

Pesa, saa, pumzi

Bima hatuna, wala mimi sijawahi kuona kikundi cha mkoani kilicho nayo. Lakini hasara tulikuwa nayo ileile kwa kipimo chetu: malipo ya awali ya ukumbi, gari la matangazo, maleba. Mzee akishindwa siku yenyewe tunarudisha viingilio na kubaki na madeni. Nikauliza nani yuko tayari mgao wake ukae kwa mweka hazina mpaka onyesho liishe, na kama halikuisha, uende kwenye deni. Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayepika chapati stendi, aliyecheza mke wa baba mwenye shamba. Akasema, "Wangu ukae," akaendelea kufunga kilemba chake. Baada yake wakanyosha mkono watatu. Mimi nilikuwa wa tano, na sijisifii nafasi hiyo.

Kijana wa mwana mkubwa akawa mchezaji wa akiba. Alijifunza maneno yote ya baba, na Mzee alijua. Hatukumficha.

Saa ziligeuzwa kwa sababu ya kile kidonge. Akikimeza alfajiri, mpaka saa nne asubuhi ameshakwenda uani mara nne au tano na mwili umetulia. Saa nne mpaka saa sita ndiyo ilikuwa saa yake nzuri, kwa hiyo mazoezi ya jioni yakafa, na wenye kazi za asubuhi wakaja kwa zamu. Onyesho lenyewe likahamishwa kutoka usiku kwenda saa tisa alasiri. Vijana walinung'unika: mchana hakuna taa za jukwaani, hakuna giza la kuingia nalo. Kweli. Lakini ukitegemea taa Mtwara unategemea na jenereta la akiba, na moshi wa jenereta si kitu cha kumwekea mtu mwenye kifua kile dirishani.

Kiti cha uvivu kilirudi kwa mwenyewe. Tukapata kiti cha mninga chenye mikono, mgongo umenyooka, kisha fundi akakipandisha kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake minne, urefu wa kiganja. Aliyekaa juu hanyanyuki kwa magoti, anateleza tu mbele na kujikuta amesimama. Nimeona watu wakinunua maleba ya laki tatu na kusahau kupima kiti.

Kazi kubwa ilikuwa pumzi. Hotuba ya baba nilikuwa nimeiandika hivi, na niliipenda:

"Hili shamba nililima mimi na mama yenu kabla hata mmoja wenu hajajua kushika jembe, mikorosho hii nimeipulizia salfa kwa mkono wangu miaka ambayo hata nauli ya kwenda Newala sikuwa nayo, na leo mnakuja kuniuliza karatasi."

Mzee alifika kwenye "salfa", akakauka. Tukajaribu tena, akafika kwenye "mikorosho". Nikakaa naye siku hiyo na kalamu, nikihesabu. Maneno sita, saba, ikizidi nane, halafu lazima avute hewa, na hewa yenyewe ilikuwa na sauti. Nikaikata:

"Shamba hili nililima na mama yenu. Nyinyi hata jembe hamjui. Salfa nimepuliza. Kwa mkono huu. Nauli ya Newala sina. Leo mnataka karatasi."

Nilimsomea kwa aibu kidogo, kama mtu anayemrudishia mteja nguo iliyopungua. Akaniangalia. "Sasa ndiyo anaongea mkulima," akasema. "Ile ya kwanza alikuwa anaongea Mwalimu."

Bado mihemo ilisikika. Hapo ujuzi wake ulinizidi. Akaomba sinia la korosho zilizochomwa zikiwa na maganda, na kijiwe cha kubangulia. Anasema maneno yake saba, anainamisha kichwa, anagonga ganda: ko, ko. Hewa inaingia wakati wa kugonga. Anatoa korosho, anaitazama, anaiweka pembeni, anaendelea. Ukikaa safu ya pili humwoni mgonjwa. Unamwona mzee mwenye hasira anayebangua korosho wakati wanawe wanasubiri jibu, na kila kimya kinakubana wewe. Nimeongoza maigizo miaka 19 na sijawahi kumfundisha mtu kitu kizuri kama kile. Yeye aliniambia alijifunza kwenye redio, ambako ukitaka kuvuta hewa unasogeza kikombe.

Neno lililopanda gari

Sasa nifike ninapoparuka.

Kijana wetu wa matangazo aliniletea maneno ya kusoma kwenye spika: njooni mumuage Mzee, onyesho lake la mwisho, usikose. Aliniuliza kama ni sawa. Ulikuwa msimu wa korosho, minada imeanza, watu wanalipwa, na kila mwenye kitu cha kuuza mjini anawinda shilingi hiyohiyo. Nikafikiria ukumbi. Nikasema sawa, litajaza. Sikumwuliza Mzee wala mpwa wake.

Gari lilipita Magomeni, likapita Ligula, likapita Chikongola, mbele ya baraza alipokuwa amekaa akipigwa upepo. Jioni akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akaninyamazisha hapo muda mrefu.

"Mwalimu, nani amekwambia ni la mwisho?"

Nikaanza kujieleza, daktari, familia, heshima. Akaniacha nimalize, kisha akanisimulia habari za lipiko, kinyago kimoja cha mapiko. Wageni huliona kama kinyago kizuri cha ukutani. Mahali pake hasa ni kichwani mwa mtu, limechongwa kwa mti mwepesi, na mwili wote wa mchezaji unafungwa nguo asijulikane. Wanawake na watoto ambao hawajapitia jando hawatakiwi kujua aliyemo ni nani. Wanajua wale wanaume wachache waliomfunga. Mzee alisema aliyemtangulia kijijini kwao alicheza miaka mingi mpaka goti likamwisha. Siku moja lipiko likatoka uwanjani na aliyemo ndani ni yeye, kijana. Vigelegele vikawa vilevile. Yule wa zamani alikuwa amesimama pembeni na watazamaji, anapiga makofi.

"Kwenye lipiko hakuna anayeaga. Anabadilika aliyemo."

Nilimwambia kijana gari lisimame. Lilisimama, lakini neno lilishasambaa, na neno la namna hiyo halirudishwi na tangazo jingine.

Siku yenyewe

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwa hesabu ya mweka hazina ilikuwa siku yetu bora. Kwa hesabu yangu ilianza kuharibika pazia lilipofunguka, kwa sababu watu walisimama na kumpigia makofi mtu ambaye bado hajasema neno. Baba mwenye shamba hapigiwi makofi na wanawe. Mzee akasubiri, macho chini, mkono kwenye sinia.

Utani wa mwanzo, ambao kwenye mazoezi uliwavunja mbavu hata mafundi wa ukumbi, ulipita kimya. Nilikuwa nyuma ya pazia la pembeni nikiona nyuso za mbele: walikuwa wanamwangalia miguu. Mama mmoja alikuwa ameshika khanga mdomoni. Walikuja kumtazama mtu anayekufa, na tuliowaalika kwa shughuli hiyo ni sisi.

Ilipofika hotuba, akiwa kwenye "kwa mkono huu", yule mama akainuka, akapanda jukwaani na noti ya elfu kumi. Akamtuza. Akatumia na khanga yake kumfuta jasho la paji la uso. Kutuza kwetu ni heshima, mwimbaji wa taarabu angeshukuru, lakini katikati ya mchezo wa kuigiza ni sawa na kumshika dereva mkono. Nilifumba macho.

Mzee akaipokea noti. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya sinia la korosho, akasema kwa sauti ya yule baba, "Ahsante, mwanangu. Hii ya salfa ya mwezi wa sita."

Ukumbi mzima ulicheka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wanamwona mkulima, maana hakuna mtu wa Mtwara asiyejua kwamba pesa ya Novemba isipofichwa, mwezi wa sita ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, unakula maua na wewe unaangalia. Lakini kile kicheko kilifungua mlango. Wakaanza kupanga mstari wengine, watano, sita, kila mmoja na noti yake, na kila mmoja anataka ajibiwe. Kila jibu ni pumzi. Nikaona bega lake la kushoto limeanza kupanda na kushuka. Akamtazama kijana, mwana mkubwa, mtazamo tu.

Kijana akasimama. Hakutoka ndani ya mchezo. "Wageni wa baba, karibuni, baba ameketi na wanawe, mizigo tunapokea sisi," akasema, akanyoosha mikono miwili, akazipokea noti zote huku akiwashusha watu ngazini mmoja mmoja kama mtu anayesindikiza wakwe. Yule aliyekuwa anasahau jina la shamba.

Edmund Kean, mwigizaji mkubwa wa London, tarehe 25 Machi 1833 alikuwa akicheza Othello, katika mchezo wa Shakespeare, kwenye ukumbi wa Covent Garden, na mwanawe Charles akiwa adui yake Iago. Nguvu zilimwishia katikati, akamwangukia mwanawe na kumwomba aseme na watu. Alifariki tarehe 15 Mei. Habari hiyo niliikumbuka usiku ule nikiwa nimelala, maana muda ule nyuma ya pazia sikukumbuka kitu chochote duniani isipokuwa ile mbao chini ya mguu wa kiti.

Mzee alimaliza hotuba. Mchezo unasema asimame kwenye maneno ya mwisho. Hakusimama. Aligonga ganda moja zaidi, akalitazama, akasema "Leo mnataka karatasi," pazia likafungwa.

Nilipokosea

Tulipokaa kutathmini, wenzangu walisema kosa ni la watazamaji, hawajazoea maigizo ya jukwaani. Sikubali. Watazamaji walifanya walichoambiwa wafanye.

Wale waliokuwa ukumbini Paris tarehe 17 Februari 1673 walimwona Molière, mwandishi na mwigizaji wa Kifaransa, akicheza mtu anayejidhania mgonjwa. Alikuwa mgonjwa kweli, kifua kilimshika kwenye sherehe ya mwisho ya mchezo, akajikaza akamaliza, na saa chache baadaye akafariki nyumbani. Inasimuliwa kwamba waliomzunguka walimwomba asipande siku hiyo, akawajibu kwamba kuna wafanyakazi hamsini wanaotegemea ujira wa siku. Kiti alichokalia bado kimehifadhiwa na Comédie-Française, jumba la maigizo la Paris. Watu wale walicheka, na alistahili kucheka kwao. Wa kwetu walinyimwa kicheko na gari la matangazo.

Chadwick Boseman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Aligunduliwa saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, akaendelea kuigiza kati ya upasuaji na matibabu, na umma haukujua mpaka alipofariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Hata wengi aliofanya nao kazi hawakujua. Hapo ndipo ninapoachana naye, ingawa uamuzi ulikuwa wake. Kama Mzee angetuficha mpaka mwisho tungemmalizia kwenye kiti cha uvivu, tukimwambia aongeze hasira.

Msimamo wangu ni ule wa lipiko. Wanaomfunga nguo lazima wajue kila kitu: kidonge cha saa ngapi, maneno mangapi kwa pumzi moja, nani atashika akianguka, pesa ya nani iko mezani. Walioko uwanjani wasijue chochote. Sisi tulifanya vizuri upande wa kwanza, na upande wa pili mimi peke yangu niliuza siri kwa bei ya viti vilivyojaa.

Kuna kinachonisumbua kwenye msimamo huu na sitakificha. Watazamaji wa Tracy walikuwa wanajua. Filamu ilipotoka Desemba 1967 alikuwa kaburini miezi sita, na haikuwaharibia. Na mchekeshaji King Majuto alipofariki hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, kibanda cha mtaani kwetu kiliweka vichekesho vyake jioni nzima, watu wakacheka machozi yakiwatoka, wakacheka hasa. Nadhani tofauti ni kwamba aliyekwisha kufa hawezi kuangushwa na kicheko chako. Aliye mbele yako, umeambiwa ndiyo mwisho, unaogopa hata kukohoa.

Kilichofuata

Tulikuwa na onyesho la pili Mikindani katikati ya Desemba. Mzee hakuweza, miguu ilikuwa imefika magotini. Kijana ndiye angeingia. Mara tatu tulikwenda Chikongola saa nne asubuhi, tukafanya mazoezi chumbani, Mzee akiwa kitandani ameegemea mito yake mitatu. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne. Ijumaa yake tulikuwa njiani kumpeleka Newala kuzikwa.

Jumanne hiyo mama wa chapati alikuwa stendi, na binti wa kwenye mchezo alikuwa na mtoto mgonjwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumjibu baba. Mzee akamwomba mpwa wake khanga. Akajitanda, akakunja shingo, akatoa sauti ndogo ya msichana wa miaka 20 mwenye kiburi cha shule. Kijana akashindwa kujizuia kucheka. Mpwa alikuwa mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu, naye akacheka mpaka maji yakamwagika kizingitini.

Kijana akaanza hotuba. Shamba hili nililima na mama yenu. Ko, ko. Nyinyi hata jembe hamjui. Ko. Mzee akanyanyua mkono kumsimamisha.

"Wewe unagonga za nini? Una mapafu mazima." Akanigeukia. "Mwalimu, ile ndefu yako iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mkoba, nimeikunja. Nikampa kijana karatasi. Akaisoma kimoyomoyo, akavuta hewa, akaisema yote, jembe, salfa, nauli ya Newala, mpaka mwisho, bila kukata.

Mzee akavuta khanga vizuri begani. "Karatasi tunayo, baba," akasema, kwa ile sauti ya msichana. "Tunataka sahihi."